Diski Mpya kwa Mashine Kuukuu

Longech ni ulimi wa mchanga ulioingia Ziwa Turkana na kuitenga Ghuba ya Ferguson na maji makubwa. Ukisimama hapo ukatazama magharibi, ng'ambo ya ghuba unaiona Kalokol, na huko ndiko Norway ilikojenga kiwanda cha kugandisha samaki. Kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mitambo yake yote mipya. Hakikudumu. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulidai umeme na maji safi kuliko eneo lilivyoweza kutoa, na katika muongo huohuo ghuba yenyewe ikakauka. Wavuvi wakaendelea kuanika samaki juani kama walivyozoea.

Naanza na kiwanda hicho kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni kinyume chake. Ni habari ya PlayStation 2 (PS2), mashine ya michezo iliyoachwa na kampuni iliyoiunda, Sony, ikapitwa na vizazi vitatu vya warithi wake, na bado kila msimu wa soka inapata mchezo mpya.

Kabla ya PlayStation, au PS kama tunavyoiita, kulikuwa na TV game. Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani mwezi Julai 1983, na kabla muongo haujaisha viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China bara, vilikuwa vikitengeneza mashine za kuiga. Hizo ndizo watoto wengi wa Kenya walizozijua miaka ya 1990. Kaseti iliandikwa kwamba ina michezo 9999. Ukiihesabu, ni michezo michache inayojirudia kwa majina tofauti. Hata hivyo, ndani ya biashara hiyo ya kuiga walikuwamo watu waliotunga michezo mipya kwa ajili ya mashine iliyokwisha kupitwa. Mwaka 1994, miaka minne baada ya Nintendo kumtoa mrithi wa Famicom, kikundi cha Taiwan kilileta Somari, mchezo uliomwingiza Mario katika ulimwengu wa hasimu wake, Sonic.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Kwetu nyingi zilifika zikiwa mtumba, zikapitia maduka ya vifaa vya umeme kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kisha zikapakiwa kwenye mabasi ya kwenda mashambani. Sony ilitangaza mwisho wa uzalishaji Desemba 2012 kwa Japani, na Januari 2013 kwa dunia nzima. Lakini Septemba mwaka huo ikaja FIFA 14 ya PS2, na tarehe 8 Novemba kampuni ya Konami ikatoa Pro Evolution Soccer (PES) 2014 huko Ulaya. Wiki moja baadaye PlayStation 4 ikaingia madukani Marekani. PES hiyo ndiyo diski rasmi ya mwisho ya PS2.

Kwa wenye kampuni, hadithi iliishia hapo. Kwa mwenye kibanda cha kuchezea PS huko Lodwar au Kakuma, Turkana, tatizo ndipo lilipoanza. Wateja wake hawaji kucheza kumbukumbu. Wameitazama mechi Jumamosi, wameuona usajili mpya, na wanataka kushika padi na kuicheza timu ile ile waliyoiona. Aliyefungwa ndiye anayelipa na kuinuka, na hakuna atakayekubali kufungwa na kikosi cha mwaka 2013.

Basi mashabiki wakaifungua diski wenyewe. Katika PES ya PS2 mna faili kubwa iitwayo 0_TEXT.AFS, na ndani yake maelfu ya vifurushi vidogo: jezi, nyuso, nembo, mabango. Fundi huifungua kwenye kompyuta, mara nyingi akianzia toleo la zamani lililopendwa, kama PES 6 ya mwaka 2006. Hutoa jezi ya zamani, huchora mpya kwa rangi zisizozidi 256, huirudisha mahali pake, hubadili majina na viwango vya wachezaji, kisha huifunga diski upya. Hana nafasi ya kujitanua. Mashine ina megabaiti 32 tu za kumbukumbu, na picha ikizidi kipimo mchezo unaganda. Wabrazili ndio magwiji wa kazi hii, na toleo lao liitwalo Bomba Patch linajulikana mbali sana na kwao.

Erling Haaland alizaliwa tarehe 21 Julai 2000, PS2 ikiwa na umri wa miezi minne na nusu. Kwenye diski hizi anakimbia akiwa na jezi ya Manchester City. Ukimtazama kwa makini, mara nyingi mwili ni wa mshambuliaji wa zamani aliyebadilishwa jina, nywele na nguvu ya shuti. Mtangazaji ndiye mara nyingi hubaki nyuma, kwa maana hawezi kutaja jina ambalo hakuwahi kulirekodi. Mnorwe huyo anafunga mabao, na mara nyingi jina lake halitamkwi.

Kilichoitunza mashine yenyewe ni kazi nyingine, na mimi naiheshimu kuliko hata ya kuchora jezi. Adui wa kwanza wa PS2 katika nchi ya upepo na vumbi ni jicho la leza linalosoma diski. Likififia, mashine nzima huonekana imekufa. Mwaka 2008 wapenzi wa PS2 walitoa Free McBoot, programu inayokaa kwenye memori kadi ya megabaiti 8 na kuiwasha mashine bila kuitegemea diski. Mchezo sasa husomwa kutoka kwenye flashi, umekatwa vipande vya gigabaiti 1. Tundu lake la USB ni la kizamani na la polepole, hivyo filamu ya mwanzo hukwamakwama, lakini mpira ukishaanza unachezeka. Na umeme? PS2 nyembamba ya mwaka 2004 ina adapta ya nje inayotoa volti 8.5. Mahali ambapo umeme hutoka kwa jenereta ya mfanyabiashara, kama Kakuma ilivyozoea kwa miaka mingi, au kwa sola na betri, mashine ndogo hudumu pale ambapo kubwa ingezimika.

Kwingineko michezo ya aina hii hutungwa kwa mapenzi ya zamani. Mmarekani Ed Federmeyer aliitungia Atari 2600, mashine ya mwaka 1977, mchezo wa Edtris mwaka 1995. Mwaka 2019 kikundi cha Morphcat kiliutoa Micro Mages kwa mashine ya zamani ya Nintendo, mchezo mzima ukiwa na kilobaiti 40. Ni kazi za ustadi mkubwa. Ila mnunuzi wake kwa kawaida ana mashine nyingine mpya sebuleni, na ya zamani ameirudia kwa kupenda. Kijana wa Turkana anayecheza PS2 harudi popote. Hiyo ndiyo PS anayoijua, na toleo jipya kwake ni jipya kweli.

Hapa pana pengo linaloniuma. Tarehe ya PES 2014 imeandikwa kila mahali, lakini diski za baada yake zimeuzwa kwenye mifuko ya nailoni, jina la fundi halipo, mwaka umeandikwa kwa kalamu inayofutika. Na huku maji ya Ziwa Turkana yamepanda miaka ya karibuni. Ghuba iliyokauka imejaa tena, na watu wa ufuoni wamelazimika kuhamisha nyumba na vyombo vyao. Vitu vidogo ndivyo hupotea kwanza.

Ukiwa na diski ya namna hiyo, au flashi yenye vipande vyake, usiitupe. Iandike mwaka, mahali ulipoinunua, na jina la aliyeitengeneza kama unalijua.