Ugonjwa wa ini lenye mafuta

Ugonjwa wa ini lenye mafuta ni hali ambapo mafuta hujikusanya ndani ya seli za ini kupita kiasi cha kawaida. Ini la mtu mwenye afya huwa na mafuta kidogo tu. Huhesabiwa kuwa ni ugonjwa pale ambapo mafuta yanaonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake.

Ugonjwa huu unahusiana hasa na unene wa kupindukia, kisukari aina ya pili, lehemu nyingi katika damu, shinikizo la juu la damu na unywaji wa pombe. Inakadiriwa kuwa kati ya robo na theluthi ya watu wazima duniani wanao. Wengi wao hawajui, kwa sababu katika hatua za mwanzo hauna dalili. Hatua hizo ndizo ambazo ini linaweza kurudi katika hali yake ya kawaida.

Jina na aina

Kwa muda mrefu ini lenye mafuta lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa walevi. Mwaka 1980 Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalionekana kama ya walevi, ingawa hawakuwa wanywaji wa pombe. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi walikuwa na kisukari.

Tangu hapo ugonjwa ukagawanywa katika aina mbili kuu: unaotokana na pombe na usiotokana na pombe. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vilibadilisha jina la aina ya pili, ukaitwa ugonjwa wa ini lenye mafuta unaohusiana na umetaboli. Sababu mojawapo ni kwamba jina la zamani lilieleza kile ambacho si chanzo badala ya kutaja chanzo chenyewe, tena lilimfanya mgonjwa ashukiwe ulevi. Watu wengi huwa na visababishi vyote viwili kwa pamoja.

Jinsi unavyotokea

Mtu anapokula nishati nyingi kuliko anayotumia, mwili huhifadhi ziada hiyo kama mafuta, kwanza chini ya ngozi. Hifadhi hiyo inapolemewa, mafuta huanza kuwekwa tumboni kuzunguka viungo vya ndani, na ndani ya ini lenyewe. Ndiyo sababu kitambi huashiria hatari zaidi kuliko unene wa mapaja au makalio.

Hali hii huambatana na ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia ipasavyo homoni inayoratibu matumizi ya sukari. Insulini inaposhindwa kazi, tishu za mafuta huachia asidi za mafuta katika damu, nazo huishia katika ini.

Aidha, ini lenyewe hutengeneza mafuta kutokana na sukari, hasa fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari ya kawaida ya mezani. Hivyo mtu anaweza kupata ini lenye mafuta hata kama hapendi vyakula vya kukaanga, ikiwa anakunywa soda, juisi za viwandani au chai yenye sukari nyingi kila siku. Chupa moja ya soda ya mililita 300 kwa kawaida huwa na takriban gramu 30 za sukari.

Visababishi vingine

Si kila mgonjwa ni mnene. Baadhi ya watu wembamba huupata kutokana na urithi, mafuta ya tumboni au kutofanya mazoezi. Mwaka 2008 watafiti walitambua kwamba badiliko katika jeni liitwalo PNPLA3 huongeza mafuta katika ini.

Dawa kadhaa pia huweza kusababisha hali hiyo, zikiwemo amiodaroni, methotreksati, tamoksifeni na matumizi ya muda mrefu ya steroidi. Vilevile virusi vya homa ya ini aina ya C huweza kuleta mafuta katika ini.

Ini hujaa mafuta hata kwa njaa. Watoto wenye kwashakoo, utapiamlo mkali ambao Cicely Williams aliueleza katika Gold Coast (Ghana ya leo) miaka ya 1930, na ambao Hugh Trowell aliuchunguza kwa miaka mingi nchini Uganda, huwa na ini kubwa lililojaa mafuta. Chanzo ni tofauti na kile cha watu wazima wanene, na tiba yake ni lishe kamili.

Hatua za ugonjwa

* Mafuta peke yake: ini lina mafuta lakini halijaumia sana. Wengi hubaki katika hatua hii.
* Uvimbe: seli za ini huumia na kuvimba.
* Makovu: tishu ngumu huanza kuchukua nafasi ya seli zilizokufa.
* Sirosisi: makovu huenea katika ini lote na kulifanya lisiweze kufanya kazi vizuri. Saratani ya ini inaweza kufuata, na pengine hutokea hata kabla ya sirosisi.

Safari hii kwa kawaida huchukua miaka mingi. Hata hivyo, kinachowaua wagonjwa wengi zaidi si ini lenyewe bali magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kwa kuwa yana vyanzo vilevile.

Dalili na utambuzi

Baadhi ya wagonjwa huhisi uchovu au maumivu kidogo upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu na kuchanganyikiwa ni dalili za ini lililokwisha kuharibika sana, na zinahitaji huduma ya hospitali mara moja.

Mara nyingi mafuta hugunduliwa kwa bahati, mtu anapopigwa picha ya mawimbi ya sauti (ultrasaundi) kwa sababu nyingine. Vipimo vya damu vya vimeng'enya vya ini husaidia, lakini majibu ya kawaida hayatoshi kuuondoa uwezekano wa ugonjwa. Daktari hutaka pia kujua kama kuna makovu, ama kwa hesabu inayotumia umri na vipimo vya damu, ama kwa mashine inayopima ugumu wa ini. Pengine kipande kidogo cha ini huchukuliwa kwa uchunguzi.

Matibabu na kinga

Tiba kuu ni kupunguza uzito. Kupungua kwa asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta katika ini. Asilimia 7 hadi 10 hupunguza uvimbe. Asilimia 10 au zaidi huweza kupunguza hata makovu. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 4.5 hadi 9. Uzito upungue polepole, kwani kujinyima chakula ghafla huweza kulidhuru ini zaidi.

Mambo yanayosaidia ni:

* kuacha au kupunguza sana vinywaji vyenye sukari
* kupunguza wali, ugali, chapati na chipsi katika sahani, na kuongeza mboga za majani, maharage na samaki
* kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, angalau dakika 150 kwa wiki. Yanapunguza mafuta ya ini hata kama uzito haushuki
* kuacha pombe
* kutibu kisukari, shinikizo la damu na lehemu
* kupata chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha resmetiromu, dawa ya kwanza kwa wagonjwa wenye uvimbe na makovu ambao hawajafikia sirosisi. Mwaka 2025 semaglutidi iliidhinishwa pia. Dawa hizo hutumika pamoja na kubadili mtindo wa maisha, si badala yake.

Dawa zinazouzwa kwa madai ya "kusafisha ini" hazijathibitishwa kuondoa mafuta hayo, na baadhi ya mitishamba huweza kuliumiza ini.

Tazama pia

* Ini
* Kisukari
* Homa ya ini
* Utapiamlo