Masta Bila Mhuri: Historia ya Uhasibu kutoka Kinshasa hadi Majengo

Tarehe 12 Februari 2015, Rais Joseph Kabila alitangaza Sheria namba 15/002 ya kuunda Baraza la Kitaifa la Wataalamu wa Uhasibu, ambalo Wakongo hulitaja kwa herufi zake za Kifaransa: ONEC. Haikuwa habari ya kusimamisha mji. Katika kartie ya Majengo, komini ya Karisimbi, kaskazini mwa Goma, wenye maduka na depo za vinywaji waliendelea kuandika mauzo yao kwenye daftari kama kawaida. Lakini kwa kijana aliyekaa chuoni miaka mitano akisomea biashara, sheria ile ilikuwa na ujumbe mzito: kusoma uhasibu ni jambo moja, na kuruhusiwa kuthibitisha hesabu za kampuni mbele ya sheria ni jambo jingine.

Leo kijana huyo anashauriwa atafute vyote viwili, masta ya chuo kikuu na cheti cha bodi ya wahasibu. Ushauri huo una historia yake, na hapa Kongo historia hiyo si ile ya Nairobi wala ya Dar es Salaam.

Mwingereza na mitihani, Mbelgiji na diploma

Majirani zetu wa mashariki walirithi uhasibu wa Kiingereza. Chama cha wahasibu wa Edinburgh kilipata hati ya kifalme mwaka 1854, na kwa vizazi vingi njia ya kuingia kwenye taaluma ikawa kukaa chini ya mhasibu mzoefu, kujifunza kazi mikononi mwake, kisha kufaulu mitihani ya chama. Digrii ilikuwa nyongeza tu. Ndiyo maana mwaka 1966 Strathmore ya Nairobi ilianza kuwaandaa vijana kwa mitihani ya bodi ya Uingereza hata kabla haijawa chuo kikuu. Kenya ikaunda bodi yake ya mitihani, KASNEB, mwaka 1969. Tanzania ikaunda NBAA kwa sheria ya mwaka 1972. Hakuna bodi kati ya hizo iliyomdai mtahiniwa wake masta.

Kongo ilikuwa na bwana mwingine. Katika makampuni na ofisi za koloni, Mwafrika aliishia ukarani. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wahitimu Wakongo wa chuo kikuu, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, hawakufika 20. Ubelgiji wenyewe ulikuwa umeunda taasisi ya wakaguzi wake wa hesabu mwaka 1953 tu. Kongo haikurithi bodi yenye mizizi mirefu. Ilirithi imani kubwa kwa diploma inayotambuliwa na Serikali.

Namba za mwaka 1976

Imani hiyo ilikolea enzi za Mobutu. Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na kubaki hivyo hadi 1981. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yangekabidhiwa Wazaire. Mali nyingi zilibadili mikono upesi, na wengi waliozipokea hawakuwa na mazoea ya vitabu vya hesabu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Julai 1976, ikaja Sheria namba 76-020 iliyozitaka biashara zote zifuate mpango mmoja wa uhasibu.

Mpango huo ulizipa akaunti namba kwa madaraja: la 1 mtaji, la 2 mali za kudumu, la 3 bidhaa zilizo ghalani, la 4 wanaodai na wanaodaiwa, la 5 fedha, la 6 gharama, la 7 mapato. Mwanafunzi wa seksheni ya biashara alizikariri hadi siku ya mtihani wa taifa, Exetat. Hata leo ukimtajia mhasibu wa Goma 41, atakujibu: wateja.

Kwa kuwa utaratibu wote ulitoka kwenye sheria na kufundishwa darasani, waajiri walimhesabu aliyefaulu darasani kuwa mhasibu kamili. Ngazi zilikuwa mbili: miaka mitatu ya graduati, kisha miwili ya lisansi. Juu yake zilikuwapo diploma za DES na DEA, lakini hizo zilitafutwa hasa na waliotaka kufundisha chuo kikuu. Mwenye lisansi ya biashara alipata kazi, na mara chache aliulizwa amesajiliwa na nani.

Dola za misaada

Goma ilianza kuuliza swali jingine kuanzia Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na mashirika ya misaada yakafuata nyuma yao. Vita vilivyokuja, na volkano ya Nyiragongo iliyopitisha lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, viliyafanya mashirika hayo yabaki. Mfadhili aliye Geneva au Washington hakujali sana akaunti 41. Alitaka ripoti ya kila mstari wa bajeti, kwa dola, mara nyingi kwa Kiingereza, na mkaguzi wa nje wa kuithibitisha. Hapo ndipo herufi kama CPA na ACCA, za vyeti vya bodi za desturi ya Kiingereza, zilipopata uzito katika matangazo ya kazi ya mji unaosoma kwa Kifaransa.

OHADA yaingia, lisansi yabadili jina

Badiliko kubwa zaidi lilitoka upande mwingine. OHADA, umoja wa sheria za biashara uliozaliwa Port Louis, Mauritius, tarehe 17 Oktoba 1993, ulianza kufanya kazi Kongo tarehe 12 Septemba 2012. Kongo ikawa mwanachama wa 17. Majuma kumi baadaye, tarehe 20 Novemba, waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza, kwa hiyo si ajabu kwamba wengi hawakuiona sheria mpya ikipita.

Mpango wa 1976 ulipisha ule wa OHADA. Madaraja mengi ya akaunti yalifanana kwa mbali, lakini la 8, lililokuwa la kukokotoa matokeo hatua kwa hatua, sasa likabeba gharama na mapato yasiyo ya shughuli za kawaida. Walimu walilazimika kusoma upya. Kabla hawajazoea, OHADA ikarekebisha mfumo wake tarehe 26 Januari 2017, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018.

OHADA inayataka pia makampuni ya hisa yawe na mkaguzi wa hesabu, na inasema kwamba katika nchi yenye baraza la wataalamu, mkaguzi huyo lazima awe amesajiliwa humo. Kongo nayo ikaamua kuwa na baraza lake, na ONEC ikazaliwa 2015. Tangu hapo, uzito wa mwisho ukatoka kwenye diploma ukahamia kwenye mhuri wa baraza.

Wakati huohuo diploma nazo zilikuwa zikibadilika. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 ilifungua mlango wa mfumo wa LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, chini ya Waziri Muhindo Nzangi, vyuo vilitakiwa kuufuata: lisansi miaka mitatu, masta miwili, kisha udaktari. Hapa msomaji ahesabu mwenyewe. Miaka iliyompa baba lisansi ndiyo itakayompa mwanawe masta. Sokoni masta haitakuwa cheo cha nadra tena. Itakuwa ngazi ya kawaida, kama lisansi ilivyokuwa jana.

Kinshasa mbali, Kigali karibu

Ramani nayo ina lake. Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, iliingia katika familia ambayo mabaraza ya wahasibu wake yalikuwa yametia sahihi mkataba wa kutambuana tangu 2011. Rwanda ilikuwa na baraza lake kwa sheria ya mwaka 2008. Kutoka Majengo, Kinshasa ni safari ya ndege ya zaidi ya kilomita 1,500, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025. Mabenki nayo yalifunga milango. Kigali iko kilomita kama 150 kwa barabara, baada ya barieri ya Gisenyi.

Ndiyo maana wapo wanaosoma masta Goma kwa Kifaransa huku wakijiandaa kwa mitihani ya bodi kwa Kiingereza, jioni, umeme ukiwapo. Njia hiyo inawezekana, mradi kila karatasi ijulikane kazi yake. Katika desturi ya Kifaransa, cheti cha juu cha uhasibu kinachoitwa DSCG kina hadhi ya masta, na baada yake mtu hufanya kazi miaka mitatu chini ya mtaalamu kabla ya mtihani wa mwisho: masta imo ndani ya taaluma. Katika desturi ya Kiingereza, masta hutembea kando yake. ACCA ina mitihani 13 na miezi 36 ya uzoefu wa kazi, na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha London kilianza kuruhusu mitihani yake ya mwisho ihesabiwe katika masta ya uhasibu isomwayo kwa mbali.

Kwa kijana wa Majengo, basi, swali la kwanza ni wapi atatia sahihi. Anayetaka kukagua makampuni ya Kongo, njia yake inapitia OHADA na ONEC, hata akiwa na CPA ya Kigali, kwa sababu kila baraza lina daftari lake. Anayelenga mashirika ya kimataifa au kazi za Nairobi na Kampala, aanze na bodi, kisha masta. Anayetaka kufundisha chuoni, aanze na masta. Na wote watatu, kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza, waulize kwa maandishi masomo gani waliyokwisha kufaulu yatawasamehe mitihani. Masta huonyesha kwamba mtu ameelewa hesabu. Mhuri humfanya awajibike kwazo. Mkopeshaji, mfadhili na mtoza kodi wataendelea kuutafuta mhuri.