Usikimbilie Kupiga Windows: Historia ya Skrini ya Bluu na Fundi Asiyejulikana Jina

Kwenye hii safu yetu ya watu ambao majina yao hayapo popote, leo sileti msanii aliyeandikia wenzake nyimbo akanyimwa sifa. Naleta fundi wa kompyuta. Yule kijana wa steshenari anayeinama kwenye mashine iliyofunguliwa ubavu, bisibisi mdomoni, huku wewe unamwambia "bro fanya chap, mwisho wa kutuma ni leo saa sita usiku."

Ila kabla ya yeye, naanza na kosa langu.

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilikaa steshenari moja pale Kaliua. Kazi ni zile mnazozijua: kopi, picha za pasipoti, kuchapa mitihani, kujaza maombi ya vyuo. Tulikuwa na kompyuta moja ya mezani, mtumba. Ikaanza ugonjwa. Uko katikati ya kazi, ghafla skrini nzima inageuka bluu, unatokea uso wa huzuni, maandishi ya Kiingereza, halafu inajizima na kuwaka yenyewe. Asubuhi mara moja, mchana mara tatu.

Kila mtu alikuwa na jibu. Bosi alisema virusi. Wateja walisema umeme. Jirani yetu wa chipsi alisema wazi kwamba tumerogwa. Mimi kwa ujuaji wangu nikapiga Windows upya. Ikatulia siku mbili, nikajiona profesa. Siku ya tatu, bluu tena. Nikapiga mara ya pili, na safari hii nikafuta diski nzima, hadi ile D, maana niliambiwa virusi hujificha huko.

Kama wiki mbili baadaye akaja mama mmoja. Akasema, "Mwanangu, mzee wangu alipiga picha hapa mwaka juzi. Ametangulia. Nyumbani hatuna nyingine, naomba mnitolee kubwa." Picha zote za wateja zilikuwa D. Nikamwambia, "Mama, zilifutika." Hakufoka. Alisema "haya mwanangu," akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Bora angenitukana.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mtaona kwa nini.

Skrini ya bluu ilitoka wapi?

Windows ya kwanza kabisa ilitoka mwaka 1985. Ile skrini ya bluu tunayoiogopa, ya mashine kusimama kabisa, ilikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Aliyeiandika anaitwa John Vert, na sababu ya rangi haina uchawi wowote: mashine aliyokuwa akitumia kazini, na programu aliyokuwa akiandikia, zote zilionyesha maandishi meupe juu ya bluu. Basi. Rangi iliyotia presha dunia nzima ilianza kwa mazoea ya mtu mmoja mezani kwake.

Tarehe 20 Aprili 1998, Bill Gates alikuwa jukwaani kwenye maonyesho ya COMDEX, Chicago, akiinadi Windows 98. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana kuonyesha jinsi mashine inavyoitambua yenyewe. Bluu! Mbele ya ukumbi mzima. Watu wakacheka, na Gates akatania kwamba ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Kwa hiyo kama imewahi kukuaibisha mbele ya wateja, jua imemwaibisha mwenye duka pia.

Lakini kuna kitu wengi hatukielewi. Ile skrini siyo ugonjwa. Ni taarifa ya ugonjwa. Ndani ya Windows kuna kiini kinachosimamia kila kitu: kumbukumbu ya RAM, diski, na zile draiva, yaani programu ndogo zinazoongea na vifaa kama printa na kadi ya picha. Programu ya kawaida ikikosea, kiini kinaifunga peke yake na wewe unaendelea na kazi. Ila kosa likitokea kwenye kiini chenyewe, hakiwezi tena kuamini kinachoandikwa kwenye diski. Kinachagua kusimama hapohapo kabla hakijaharibu mafaili yako, na kinakuachia ujumbe.

Njia ya misafara

Sisi watu wa Tabora mambo ya kusimama safarini tunayajua. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilipita upande huu mabegani mwa watu, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Fikiria kirangozi anafika mtoni, anakuta hakuvukiki. Akisimamisha msafara, watu wa nyuma watalalamika, jua kali, mzigo mzito. Asiposimamisha, mizigo inazama pamoja na wabebaji. Skrini ya bluu ndiyo kirangozi akiinua mkono. Na mimi pale steshenari, badala ya kumuuliza ameona nini, nilimfukuza kazi na kutupa mizigo yote mtoni. Mara mbili.

Na angalia hili: tunawajua kina Livingstone na Stanley waliopita Tabora. Hata wasaidizi wachache kama Sidi Mubarak Bombay, Chuma na Susi wameandikwa. Lakini maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, waliobeba kila kitu mpaka kikafika? Kimya. Mzigo una historia, bega halina.

Kwa nini mafundi wetu walijifunzia kwenye mashine za watu

Kompyuta siyo mgeni wa juzi nchini. Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na mlango ukaja kulegezwa taratibu miaka iliyofuata. Wakati John Vert anaandika skrini yake mwaka 1993, huku Bara hata kituo cha televisheni kilikuwa hakijaanza kurusha matangazo. Hilo lilikuja mwaka 1994. Kwa hiyo kompyuta zilipomwagika madukani, hapakuwa na kizazi cha kaka na baba waliokwisha kuzifungua wakatufundisha. Watu wakajifunza kwa kugusa, wakakariri dawa moja inayofanana na ya maumivu: chochote kikitokea, piga Windows.

Kaliua ilipokuwa wilaya mwaka 2012, ikitokea Urambo, makaratasi yaliongezeka, fomu zikaongezeka, na steshenari nazo. Kijana yeyote aliyejua kuwasha mashine akawa fundi. Mimi nikiwa mmojawapo.

Fundi wa treni ya Mpanda

Mnajua Kaliua ni njia panda ya reli. Treni ya Kigoma inanyoosha, ya Mpanda inachepuka kusini. Siku moja jamaa mmoja wa makamo, begi mgongoni, aliingia kutoa kopi ya kitambulisho akisubiri usafiri wa Mpanda. Kopi haijatoka, bluu hiyo.

Hakusema virusi. Hakusema umeme. Aliuliza swali moja tu: "Imeandika nini?"

Sikuwa na jibu. Miezi yote ile sikuwahi kuisoma hata siku moja.

Akaomba kiti. Kitu cha kwanza, aliingia kwenye mipangilio ya mfumo akaondoa alama kwenye kile kipengele cha mashine kujiwasha yenyewe ikifeli, ili ujumbe ubaki kwenye skrini. Halafu akafungua folda inaitwa Minidump, ndani ya folda ya Windows. Kumbe kila ikianguka ilikuwa inaacha kifaili chenye tarehe na sababu, kama shajara. Akasoma namba za mwisho: moja 0x1A, nyingine 0x50, nyingine 0xD1.

Akanieleza hivi, nami nawapa bure:

Kama namba ni ileile kila siku na imetaja jina la faili linaloishia na .sys, shuku draiva. Jiulize umechomeka au umesasisha nini karibuni. Iwashe kwenye hali salama, ile Safe Mode. Huko Windows inapakia draiva za lazima tu. Ikitulia huko, ondoa draiva uliyoweka mwisho.

Kama namba zinabadilika-badilika, leo hii kesho ile, shuku vifaa: RAM, joto au pawasaplai. RAM ni meza ambayo kila programu inaweka vitu vyake. Kona moja ya meza ikioza, yeyote atakayeweka kitu pale kinaharibika. Leo ni kivinjari, kesho draiva ya printa. Ndiyo maana lawama inahama.

Kama inachelewa kuwaka na mafaili yanagoma kufunguka, shuku diski. Hapo usijaribu chochote kabla hujanakili kazi zako kwenye diski nyingine.

Kisha akazima, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu. Vumbi la Kaliua mnalijua. Akapuliza feni, akachomoa RAM zote mbili, akasugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, akarudisha moja tu. Tukafanya kazi saa mbili nzima, shwari. Akaitoa, akaweka ile nyingine. Dakika kumi, bluu. Nikarukaruka, "ndiyo hiyo!" Akasema, "Tulia dogo, inaweza kuwa tundu lake." Akaihamishia tundu la pili. Bluu tena. Hapo ndipo akaiweka mezani na kusema, "Sasa ndiyo hii."

Kipande cha RAM. Kirefu kama kidole, tena cha bei ya kawaida tu. Na kwa nini kupiga Windows kulionekana kusaidia siku mbili? Kwa sababu mashine tupu haina mzigo mkubwa, ile kona mbovu haiguswi mara nyingi. Ukishajaza programu, inaguswa.

Nikamuuliza kuhusu zile picha. Akanyamaza kidogo. Akasema faili likifutwa haliondoki papo hapo, linaondoka ukiandika vitu vingine juu yake, na sisi tulishaandika kwa wiki kadhaa. Alijaribu programu ya kuokoa mafaili. Zikarudi picha chache, nyingine nusu ya juu uso, nusu ya chini kijivu. Ya yule mzee haikuwemo.

Hakutoza zaidi ya soda. Nilipokumbuka kumuuliza jina, ameshaondoka.

Siku dunia nzima ilipogeuka bluu

Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa, na mashine kama milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Ndege zilikwama, hospitali na benki zikayumba. Wengi walipiga kelele "wadukuzi!" Haikuwa hivyo. Kampuni ililisahihisha kosa mapema, lakini mashine nyingi zilikuwa hazibaki hewani kiasi cha kupokea marekebisho. Ikabidi watu wapite moja baada ya nyingine, waingize Safe Mode, wafute faili moja, wawashe upya. Kwa mikono. Majina ya wakubwa wa kampuni yalitangazwa. Ya waliopita usiku kucha kwenye korido za viwanja vya ndege hatuyajui.

Mwaka 2025 Microsoft wameanza kuibadilisha skrini yenyewe kwenye Windows 11, sasa ni nyeusi, na ule uso wa huzuni umeondolewa. Sawa tu. Rangi haijawahi kuwa na maana. Maana iko kwenye yale maandishi.

Kwa hiyo wadau, ikikutokea: piga picha ya skrini kwa simu, soma namba, uliza nini kimebadilika, jaribu kitu kimoja kimoja. Kupiga Windows kuwe mwisho, na kabla ya hapo nakili kila kitu, hasa vitu vya watu. Kwenye D ya steshenari yoyote kuna picha ya mtu ambayo kwao haipo.

Na wewe fundi wa treni ya Mpanda, kama unasoma hapa, dondosha komenti. Jina tu.