Ufuta, Sifa na Mifupa ya Mama Zetu

Mwaka 1861, Sayyid Majid wa Unguja alipoamuru Malindi, iliyokuwa imekaa magofu kwa muda mrefu, ikaliwe upya, makusudio yake yalikuwa nafaka, wala hakuna aliyefikiri habari ya mifupa ya mtu. Bara ya mji ikafyekwa, ikawa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, wake kwa waume. Mtama ukapakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na ufuta, ukiisha kupita Unguja, ukanunuliwa na matajiri wa Kifaransa, wakaukamulia mafuta huko Marseille. Nayataja haya kwa kuwa ufuta usiomenywa, ratili kwa ratili, una kalsiamu nyingi kuliko maziwa, ijapokuwa iliyo katika ganda haipokelewi na mwili kwa wepesi. Na mwanamke aliyeupalilia hakuwa na kauli juu ya kiasi kitakachobaki chunguni.

Ajabu zaidi ni sifa, mafuta yale ya maini ya papa ambayo manahodha waliyapakia mbao za vyombo vyao, na ambayo harufu yake haina haja ya kusimuliwa kwa mtu aliyepita karibu na jahazi lililopandishwa pwani. Wakati sisi tukinywesha mbao, watu wa kaskazini ya Ulaya, ambao jua lao ni haba, waliwanywesha watoto wenye matege mafuta ya maini ya samaki wa bahari zao, pasipo kujua sababu ya kupona kwao, hata mwaka 1922 McCollum wa Marekani alipoithibitisha vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua.

Kwetu jua halina thamani ya fedha, lakini halikugawanywa sawasawa. Bibi wa mjini, aliyeshinda ndani na kutoka kwa buibui, alilipata kidogo. Mwanamke wa Kigiriama, mwenye hando kiunoni na mtungi kichwani, alilipata pamoja na mzigo, na mfupa huimarika kwa kubebeshwa. Mekatilili wa Menza alikuwa mjane aliyekwisha pita ujana alipowaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, naye alipohamishiwa Kisii alitoroka akarejea kwao kwa miguu. Sisemi kuwa ni jua na mzigo vilivyomfikisha. Ila miguu ilikuwapo.

Sasa mama aliyekoma hedhi, ambaye mwili wake umepungukiwa na homoni iliyokuwa ikiihifadhi mifupa, huambiwa anunue vidonge. Huko Marekani wanawake 36,282 wa hali hiyo waligawanywa, nusu wakapewa kalsiamu na vitamini D, nusu vidonge vitupu, wakaangaliwa kwa miaka 7 hivi. Na habari zilipotangazwa mwaka 2006, ikaonekana kuwa mfupa wa nyonga ulipata msongamano zaidi kidogo, lakini kuvunjika hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, isipokuwa kwa wale waliomeza bila kuacha, na vijiwe vya figo vikazidi.