Shingo ya twiga

Shingo ya twiga mzima hukaribia urefu wa mita 2, lakini ina pingili saba tu, sawa na ya mtu, panya au nyangumi. Karibu mamalia wote wana idadi hiyo. Wasioifuata ni slothi wa Amerika na manati. Nguva wa pwani yetu, ingawa ni jamaa wa manati, anazo saba. Twiga basi hakuongezewa mifupa, bali kila pingili ilirefuka, hata moja peke yake huweza kupita sentimita 25.

Haikurefuka kwa mkupuo. Samotherium, jamaa wa twiga aliyeishi Ulaya na Asia miaka milioni 7 hivi iliyopita, alikuwa na shingo ya mita 1: si fupi kama ya okapi wa misitu ya Kongo, wala si ndefu kama ya twiga. Utafiti wa mwaka 2015 ulilinganisha pingili ya tatu ya wanyama hao. Ya Samotherium imerefuka upande wa kichwani. Upande wa mgongoni ulirefuka baadaye, katika ukoo wa twiga wa leo. Ama sababu yake, wataalamu wangali wanabishana: majani ya juu, au madume kupigana kwa shingo? Ukoo mzima haukuelekea huko. Sivatherium, ambaye mabaki yake yamechimbwa Olduvai, alikuwa pandikizi la mnyama mwenye shingo fupi.

La ajabu zaidi ni pingili ya kwanza ya kifua. Ingali imebeba mbavu, na kwa hesabu si ya shingo, lakini viungo vyake hukunjuka kuliko vya mamalia wengine. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2016 kwamba inafanya kazi ya pingili ya nane, hivyo kumsaidia twiga kufikia majani ya juu na kuinama kunywa maji.

Dinosau walipita njia nyingine. Giraffatitan, aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, alikuwa na pingili 13 za shingo, zenye mianya ya hewa iliyopunguza uzito. Za twiga hazina mianya hiyo. Mzigo wake hushikwa na kano nene inayotoka kisogoni hadi kwenye miiba mirefu ya pingili za mabegani, na miiba hiyo ndiyo inayoinua nundu yake.