Kulabu ya Nyuma

Lori likiingia kambini, watu tunaangalia mzigo. Vijana wa uchomeleaji wao wanaangalia nyuma, pale tela linaposhikana na lori. Mimi nafanya kazi na vijana hao, na mwaka huu walipata kazi iliyowanyima usingizi: lori kuukuu la jeshi, magurudumu sita na yote yanavuta, halina kulabu, na mwenyewe anataka livute tela la maji.

Gari dogo unalifungia kichwa cha mviringo cha chuma, basi, limeisha. Lori la jeshi ni mambo mengine. Linapita mitaroni na kwenye mawe. Lenyewe limeinama kushoto, tela limeinama kulia. Ndiyo maana majeshi yanapenda kulabu yenye mdomo unaofungwa kwa juu na pini, na mkono wa tela unakuwa na pete nene. Pete inacheza ndani ya mdomo, inajigeuza bila kuvunja kitu. Na hiyo kulabu hufungi kwenye bampa. Inakaa kwenye sahani nene, bolti zinaingia hadi kwenye mihimili ya chesisi, kisha minyororo miwili inapishana chini, ili pini ikikatika mkono wa tela usiangukie barabarani ukachimba. Fundi wao alikataa kabisa watumie nondo. Nondo ni ya zege, bana.

Kijana mmoja akauliza: kwani kazi si ya injini? Hapo nikawasimulia habari ya mwaka 1915, iliyopita huko kwetu, ng'ambo ya ziwa.

Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu Ziwa Tanganyika, na Kigoma walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen. Ndiyo hiyohiyo Liemba iliyowabeba ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga mwaka 2015. Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa futi 40, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zikatoka Uingereza mwezi Juni kwa meli hadi Cape Town, halafu kwa treni hadi Fungurume, Katanga. Reli ikaishia hapo.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia ni maili 146 za pori, na katikati kuna milima ya Mitumba, karibu futi 6,000. Boti zikapandishwa kwenye magurudumu kama tela, na kazi ya kuzivuta wakapewa matrekta mawili ya mvuke pamoja na makundi ya ng'ombe. Wanaopita njia za kwetu wakati wa mvua wanaweza kufikiria wenyewe.

Injini zilikuwa na nguvu, lakini uzito wao wenyewe ulikuwa tatizo. Madaraja zaidi ya 100 yalibidi yajengwe, miti ikatwe, mito ivukwe. Mlimani trekta likishindwa, ng'ombe na kamba ndio wanaomaliza. Na kupanda ni nusu ya shida tu. Ukipanda, kiungo kinavutwa. Ukishuka, kinasukumwa, yaani mzigo unataka kumpita anayeuvuta. Kulabu iliyotengenezwa kwa kuvuta tu itakuua kwenye mteremko. Vijana walinyamaza hapo, kwa sababu wao walikuwa wamepima kuvuta peke yake.

Halafu maji. Trekta la mvuke bila maji ni chuma tu, na njia ile ilikuwa na ukame. Wanawake wa vijiji vya njiani ndio waliobeba maji kichwani, mwendo mrefu, wakayamimina kwenye injini za vita isiyowahusu. Jina la Spicer-Simson halikosekani habari hii inaposimuliwa. Wanawake wanatajwa kwa wingi wao. Mimi nawahesabu kuwa sehemu ya ile mashine, tena sehemu ambayo haikuwa na ya akiba.

Tarehe 28 Septemba walifika Sankisia. Kukawa na treni ndogo hadi Bukama, mto Lualaba ambako boti zilikwama mchangani mara kadhaa, na treni nyingine kutoka Kabalo. Mwishoni mwa Oktoba wakaliona ziwa. Tarehe 26 Desemba, Mimi na Toutou ziliiteka Kingani ya Wajerumani.