Kigeu

Waulize wanafunzi kigeu ni kipi wanapopima asidi kwa besi. Wengi watasema rangi. Hapana. Kiashiria cha fenolfthalini kikiwa waridi hafifu isiyotoweka, kinakuambia tu ufunge koki ya bureti. Ukilinganisha siki tofauti, 10 cm³ kila moja, kigeu huru ni aina ya siki. Kigeu tegemezi ni ujazo wa besi ulioshuka kutoka kwenye bureti hiyo, unaosomwa jicho likiwa usawa na sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika. Besi yenyewe haibadilishwi. Lakini ukichora grafu ya pH, ujazo uleule unakuwa kigeu huru, maana wewe ndiye unayeuongeza. Mwalimu anayekaririsha jibu moja anawanyima wanafunzi kemia yenyewe.